"Mchanga nyumbani upo, mimi nimemleta kusoma": walimu na wazazi wa maandalizi tuzungumze

Mwalimu wa Jamvini (mleta uzi)

Asalaam aleykum wanajamvi.

Mimi ni mwalimu wa maandalizi huku Pemba, wilaya ya Micheweni. Nina watoto 58 wa miaka minne na mitano. Tulikuwa walimu wawili, mwenzangu yuko likizo ya uzazi, kwa hivyo hesabuni wenyewe.

Juzi mama mmoja alikuja kumchukua mwanawe akamkuta kajaa mchanga mpaka kwenye nyusi. Hakugomba. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma: "Mwalimu, mchanga nyumbani upo. Mimi nimemleta kusoma."

Sikuwa na jibu la haraka. Mwanawe alikuwa katikati ya hesabu. Niliwapa kibaba na pishi, vile vipimo vya bati, na swali moja tu: vibaba vingapi vitaijaza pishi? Mmoja akasema viwili, mwengine akasema mia. Wakajaza, wakamwaga, wakagombana, kwa sababu mmoja anajaza cha tele, mpaka kinafanya kilima, na mwenziwe anafuta kwa kiganja kikae mfuto. Kila mmoja akipata hesabu yake. Nikawaacha wagombane. Baadaye msichana mmoja mdogo kuliko wote akasema, "Sote tufute." Wakafuta, vikaingia vinne. Nikawaambia rudieni, vikaingia vinne tena. Mngewaona nyuso zao.

Lakini haya nitamwelezaje mama aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni na kapu mkononi? Nyie mnafanyaje? Na mnacheza michezo gani ambayo ndani yake kuna somo? Mie nina mchanga, nina pwani, nina minazi. Sina pesa.

---

Baba Salha

Mwalimu samahani, mie niko upande wa huyo mama. Mwanangu anasoma Unguja, skuli ya kulipia. Ana madaftari matatu. Anahesabu mpaka hamsini bila kusita, anaandika A mpaka Z. Mtoto wa dada yangu yuko maandalizi huko kwenu, umri mmoja na wangu, akija likizo anachojua ni kufinyanga mikate ya udongo. Kesho wote wawili wataingia darasa la kwanza, nani atakayeteseka?

---

Mkulima wa Songea

Nafuatilia uzi. Samahani, maandalizi ndiyo chekechea?

---

Tutu Mkongwe

@Mkulima ndiyo hiyo. Bara mnasema elimu ya awali au chekechea, sisi ni skuli ya maandalizi. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliiweka miaka miwili ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima, halafu msingi miaka sita. Ndiyo maana utasikia mtoto wetu wa miaka sita yuko darasa la kwanza.

---

Mwalimu wa Jamvini

@Baba Salha sikukasirikii, wazazi wangu wengi wanasema hivyo hivyo. Nikuombe kitu. Leo usiku weka sahani ya njugu mbele ya Salha, umwambie: "Nipe saba." Usimsaidie, usimkunjie uso. Njoo utuambie.

---

Mpemba Halisi

Kwani bakora imekosa nini? Sisi tulisoma kwa bakora na tumefika hapa.

---

Bi Mkubwa wa Ole

Umefika wapi, yakhe? Umefika hapa kubishana na walimu saa tano ya usiku.

Mwanangu mwalimu, nimefundisha miaka mingi, sasa nimestaafu, niko na wajukuu. Nitakupa mmoja tu ambao hauhitaji shilingi: mdako. Chimba kashimo ka kina cha kidole, tia vijiwe. Mtoto anarusha kimoja juu, kabla hakijashuka anavikomba vya shimoni, halafu anadaka. Mzunguko wa kwanza anabakisha kimoja nje na vilivyobaki anavirudisha shimoni, wa pili anabakisha viwili, na kuendelea. Watoto wa miaka minne hawawezi kudaka, basi usiwalazimishe. Waambie warushe kwa mikono miwili, au wasirushe kabisa, wakombe na kubakisha tu. Akikosea hesabu, wenziwe watamkamata kabla yako wewe. Mwalimu bora wa hesabu ni mtoto anayesubiri zamu yake.

Kinachowashinda walimu wengi ni kukaa kimya. Mtoto akishika vijiwe vinne na anatakiwa atoe vitatu, mwalimu anarukia: "Kimoja kimezidi!" Ushaua mchezo. Muulize: "Vimebaki vingapi shimoni?" halafu funga mdomo wako.

---

Baba Salha

Nimefanya. Nimemwambia nipe saba, kanipa konzi nzima. Nikamwambia zihesabu, akahesabu vizuri mpaka kumi na tatu, zikaisha. Nikasema, mimi nataka saba. Akasukuma zote kwangu tena, akasema, "Hizo hapo saba." Mara ya tatu kanipa tisa.

Mama yake kacheka. Mimi sikucheka.

---

Mwalimu wa Jamvini

Usihuzunike Baba Salha, na mtoto hana kasoro yoyote. Wengi wako hivyo. Moja mpaka hamsini anaijua kama anavyoujua wimbo, maneno yanafuatana tu. Kujua kwamba lile neno la mwisho ulilotamka ndiyo idadi ya vitu vyote ulivyogusa, hilo ni jambo jengine na linakuja polepole. Kwanza moja anaielewa, baadaye mbili, tatu, kisha ghafla mlango unafunguka. Daftari halifungui mlango huo. Unafunguliwa na kugawa. Mwambie agawe vijiko mezani, kila mtu kimoja. Mwambie alete ndimu tano kutoka jikoni. Kila siku, vitu vya kweli, na awepo mtu anayevihitaji.

---

Ustadhi wa Shengejuu

Nami ni mwalimu, wa chuoni, chuo cha Kurani. Watoto hawa hawa asubuhi wako kwenu, alasiri wako kwangu. Nina swali kwenu nyinyi wa skuli. Watoto wangu wawili watatu wakienda maandalizi wanaandika herufi za Kiswahili kinyume, E inaangalia kushoto, na wanaanzia kulia mwa ukurasa. Mwalimu wao anadhani wana tatizo. Mie naona ni kwa kuwa kwangu wanaandika alifu, bee, tee kutoka kulia. Nifanyeje? Siwezi kuigeuza alifu.

---

Mwalimu wa Jamvini

Ahsante Ustadhi, hili watu hawalisemi. Kwanza, kuandika kinyume kwa umri huu ni kawaida hata kwa watoto ambao hawajawahi kuiona alifu. Wengi huacha wenyewe wakifika miaka sita au saba. Kwa mtoto mdogo kikombe ni kikombe kishikio kikiwa kulia au kushoto, sasa kwa nini E isiwe E?

Mie nilifanya hivi. Upande wa kushoto wa ubao nimechora gati na ngalawa imefungwa. Kabla ya kuandika chochote cha Kiswahili tunaimba kuitoa ngalawa gatini, kidole kinakwenda nayo mpaka upande wa pili. Wanaandika kwanza hewani kwa mkono mzima, halafu mchangani, halafu ndiyo chaki. Ukitaka, nawe weka alama yako upande wa kulia, mlango wa chuo, kwa mfano. Mtoto atajua: hapa naanzia mlangoni, kule naanzia gatini. Mwaka jana mmoja aliniuliza kama kuna ngalawa inayokwenda kwa Ustadhi na kurudi.

---

Ustadhi wa Shengejuu

Mlango wa chuo. Nimeupenda. Kesho nachora inshaallah.

---

Nesi wa Chake

Nimesoma vijiwe, njugu, na mwili umenisisimka. Wapenzi walimu, puani. Huwa tunaletewa mtoto ana punje ya mahindi, ana choroko, ana kunde puani. Nafaka ikilowa inavimba. Tafadhali msichokoe kwa kibanio cha nywele wala kwa kidole, mnaisukuma ndani. Mwambieni mtoto apumue kwa mdomo, mleteni hospitali. Na wale wadogo wa miaka miwili wanaofuatana na dada zao skuli, wao na vijiwe mbali mbali. Kwao kubwa zaidi ni kupaliwa, na hapo hakuna muda wa kuita gari.

Jambo la pili kwa Baba Salha na wenye madaftari. Mtu mzima ana mifupa midogo minane kwenye kifundo cha mkono. Kwa mtoto wa miaka minne mingine bado ni gegedu, haijawa mfupa. Ndiyo maana akiandika ukurasa mzima anatikisa mkono. Hadeki.

---

Mwalimu wa Jamvini

Ni kweli tupu dada Nesi. Mwaka jana choroko iliingia pua ya mtoto wangu mmoja na nilikuwa na kibanio tayari mkononi, Mungu aliniepusha akapiga chafya. Tangu siku ile choroko hazina kazi darasani kwangu. Natumia vifuu, komwe kubwa, simbi za pwani, na vifuniko vya soda kwa wale wakubwa tu. Vinahesabiwa wakati wa kutoa na wakati wa kurudisha, na kuhesabu kwenyewe wanahesabu wao.

Kuhusu mkono: kabla ya penseli nawapa kazi za vidole. Makumbi yaliyolowekwa, wanayachambua nyuzi wanasokota kikamba. Kitambaa cha maji wanakikamua ndooni. Msimu wa karafuu nawapa konzi moja moja watenge karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, na hicho ni kidole gumba na cha shahada vinafanya kazi ile ile ya kushika penseli. Konzi moja, narudia, maana mzazi mmoja aliniuliza kama alete gunia. Na mikono waoshe mara tu wakimaliza, mtoto akijifikicha macho na karafuu mbichi utaikimbia skuli.

---

Mkulima wa Songea

Na kusoma je? Hesabu nimeelewa. Herufi mnazifundishaje bila daftari?

---

Mwalimu wa Jamvini

Kwa pakacha. Nalitundika mlangoni, wiki moja silabi moja. Nilijaribu kuanza na m nikajuta, maana Kiswahili m yake ina vituko, sasa naanza na ma: madafu, makuti, majani, mafuta kwenye kichupa. Kila mtoto anakuja na kitu kinachoanza na sauti hiyo, anakitaja, anatia. Asiye na kitu anatia neno, analisema tu ndani ya pakacha, na tunalifunika lisitoke.

Wiki ya "ka" waliniletea kamba, kanga, karata (sikuuliza za nani), karafuu. Siku ya tatu kijana mmoja kaja na kopo limefunikwa kwa jani. Kalifunua: kaa. Mzima, mkubwa, kakasirika. Darasa lilihamia uwanjani kwa dakika tano, mie mbele. Lakini nakwambia hakuna mtoto hata mmoja kati ya 58 aliyesahau "ka". Tumeliandika mchangani, tukalichora pamoja na magando.

Tunapiga makofi pia. Ka-ra-fu-u, makofi manne. Sa-ma-ki, matatu. Mtoto anayeweza kulikata neno kwa makofi, ukimwandikia sa na ma na ki kwenye vipande vya boksi ataviunganisha bila kulia.

---

Mzee wa Sarufi

Waulize "mbu" ana makofi mangapi. Mimi nasema mawili, m-bu. Na "mbegu" ni mawili pia, mbe-gu. Hapo utaona ile m yenye vituko.

---

Mwalimu wa Jamvini

Nimewauliza leo. Wamegawanyika. Walio wengi wamesema mawili, mmoja kasema mbu hana makofi mengi, kofi moja tu anakufa.

---

Tutu Mkongwe

😂😂 Huyo mpe cheti.

Nimekuja kuongeza kidogo. Jina langu hili ni la vituo vya TuTu, Tucheze Tujifunze, kama mnakumbuka, masomo ya redio ya ile miaka ya baada ya 2006. Nilikuwa msaidizi kwenye kituo kimoja, hatuna jengo, tuko chini ya mwembe, redio juu ya kiti. Redio inaimba, inasimulia, halafu inauliza swali na INANYAMAZA. Sekunde kadhaa kimya, watoto wanajibu kwa kelele, ndipo inaendelea. Mwanzo nilikuwa nawajibia kwa kuona kimya kinanitisha. Bi Mkubwa kalisema vizuri hapo juu, na mie kilichonifundisha ni redio.

Na hivi vifuu na makuti wasione wazazi kuwa ni umasikini wa skuli. Mradi wa Madrasa wa Aga Khan, ulioanza Mombasa miaka ya 80 na kuingia Zanzibar 1990, ulifundisha walimu wa vijijini kutengeneza zana kwa vitu hivi hivi, na kona za darasa: kona ya duka, ya nyumbani, ya vitabu, ya kujenga. Kona ya duka peke yake ina hesabu, lugha na adabu ya foleni.

---

Baba Salha

Swali la kweli, si ubishi. Mtoto akicheza duka na wenziwe bila mwalimu, si anacheza vile vile? Tofauti iko wapi?

---

Bi Mkubwa wa Ole

Iko, na isiyo ndogo. Peke yao watacheza vizuri, na watajifunza kuzungumza na kupatana, mashaallah. Lakini mwenye duka atauza kila kitu kwa "shilingi mia" mpaka jua lizame. Mwalimu akipita akasema, "Nina mia mbili, nataka ndimu na chumvi, zitatosha?" duka zima linasimama kufikiri. Kazi ya mwalimu ni kile kiswali. Aje nacho kimoja, asije na kumi, na akishauliza aondoke.

Sasa nirudi kwa yule mama, maana tumemsahau. Mwite. Waite wote. Usiwahutubie, wakalishe jamvini wacheze wao. Ila tizama maji kwanza. Nyinyi huko Micheweni wanawake wengi ni wa mwani. Ukiwaita wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, utakaa na viti vyako, wote wako pwani. Waite maji mafu, yasipotoka mbali.

---

Mwalimu wa Jamvini

Wallahi sikulifikiria hilo. Kikao cha muhula uliopita walikuja sita, nikawalaumu kumbe ni bamvua.

---

Mwalimu wa Jamvini

MREJESHO.

Wamekuja 23, wanaume wawili. Maji mafu, Jumamosi asubuhi. Watoto niliwaweka kando na mwalimu wa darasa la kwanza, kaja kunisaidia.

Nilianza na chaki. Kila mmoja aandike jina lake mara tano, kwa mkono wa kushoto. Kwanza kicheko, halafu kimya, halafu mmoja akatikisa mkono. Nikamwambia mwanawe hufanya hivyo hivyo. Nikaacha hapo hapo, sikuongeza neno.

Halafu nikaweka mchanga, kibaba na pishi, na swali lile lile. Wote wanajua ni vinne, wakanicheka. Nikasema haya, nionyesheni. Wakaanza, na kama watoto wao, mmoja anajaza tele, mwengine anafuta mfuto, pishi ikajaa kwa vitatu na kidogo. Hapo yule mama wa mchanga, aliyekuwa kakaa nyuma kabisa hasemi kitu, akainuka. "Huo ndio wizi wenyewe! Akinunua kwetu anapima tele, akituuzia anapima mfuto." Wakaanza kusimuliana nani kapunjwa wapi, mchele, unga, sukari. Robo saa sikuweza kuwarudisha. Mwisho akaniuliza, "Na huyu wangu siku ile alikuwa akifanya hivi?" Nikamwambia mwanawe alikuwa upande wa wanaofuta.

Msidhani mambo yamekwisha. Alipotoka kaniambia daftari bado analitaka. Baba mmoja naye kasema hivyo, na wengine wakaitikia. Tumekubaliana Alhamisi ni siku ya daftari, nusu ukurasa, herufi za wiki hiyo tu. Sikupenda sana lakini nimekubali, wao ndio wenye watoto. Mpemba Halisi, bakora hakuna aliyeitaja, nimekuhifadhia salamu.

---

Nesi wa Chake

Nusu ukurasa hauna neno. Hongera dada.

---

Baba Salha

Salha sasa akiambiwa nipe saba anatoa saba. Nane bado, anakwenda tisa moja kwa moja. Kila usiku anagawa vijiko na mgeni akija anafurahi kwa kuwa hesabu inabadilika. Madaftari matatu tumeyapunguza yakawa mawili, mwalimu wake kanuna.

---

Mkulima wa Songea

Pishi na kibaba nikitaka kuvitengeneza huku, vina ukubwa gani? Niambie hata kwa makopo.

---

Mwalimu wa Jamvini

Usihangaike na ukubwa, chukua kopo lolote dogo liwe kibaba, halafu tafuta kubwa linalojaa kwa manne ya mfuto. Ningekupigia picha ya yangu ila pishi ya skuli kaiazima yule mama tangu Jumatatu, ati anakwenda nayo dukani. Mpaka leo haijarudi.